Visima vyekundu vya Bangladesh: maji yaliyoshinda kolera yakaficha sumu

Katikati ya mwaka 1971, mji wa Bangaon, ulioko India karibu na mpaka, ulijaa watu kuliko uwezo wake. Vita vilikuwa vimeanza mwezi wa tatu katika nchi iliyoitwa Pakistani ya Mashariki, ambayo leo inaitwa Bangladesh. Watu wapatao milioni 10 walivuka mpaka na kuingia India kwa muda wa miezi michache. Walilala mashuleni, chini ya mahema, na wengine ndani ya mabomba makubwa ya saruji yaliyokuwa yakingoja kufukiwa ardhini. Mvua zilipoanza, kolera iliingia kambini.

Familia za Goma na maeneo ya jirani hazihitaji kuelezwa hali hiyo. Mwezi wa saba 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofika kando ya Ziwa Kivu, kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu kwa majuma machache. Na waliopitia kambi za miaka ya karibuni, kama Kanyaruchinya na Bulengo, wanaijua foleni ya mabidoni, na wanajua maji yenye harufu ya klorini.

Huko Bangaon, serum za kutundika zilikwisha upesi. Daktari mmoja wa Calcutta, Dilip Mahalanabis, aliamua kuchanganya chumvi, sukari ya glukosi na magadi ndani ya mapipa ya maji safi, kisha akawapa ndugu za wagonjwa vikombe wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 kati ya 100 walikuwa wakifa. Kwa wale waliotibiwa hivyo, vifo vilishuka chini ya 4 kati ya 100. Mchanganyiko wa namna hiyo ndio unaogawiwa leo katika vituo vya afya vya Kongo kwa jina la SRO.

Lakini SRO inatibu aliyekwisha kuugua. Vita vilipomalizika mwezi wa kumi na mbili 1971 na wakimbizi wakaanza kurudi makwao, serikali mpya ya Bangladesh ilitaka kuuzuia ugonjwa wenyewe, na dawa iliyochaguliwa ilikuwa maji safi kutoka chini ya ardhi. Kazi hiyo iliokoa maisha ya watoto wengi. Kazi hiyo hiyo ilileta majumbani sumu ambayo hakuna aliyeionja, kwa sababu haina ladha, haina rangi wala harufu. Jina lake ni arseniki. Kipimo cha bei ndogo kilichoweza kuionyesha kilikuwa kimejulikana kwa miaka karibu mia moja.

Kisima cha siku moja

Zamani wanavijiji wengi wa Bangladesh walikunywa maji ya mabwawa na mito. Bwawa moja lilitumika kuoga, kufua nguo, kuogesha ng'ombe na kuchota maji ya kupikia. Kila msimu wa mvua kuhara kulirudi, na watoto wadogo ndio waliokufa zaidi.

UNICEF na idara ya serikali inayohusika na maji walihimiza visima vya bomba. Kisima cha namna hiyo si shimo pana la kushukia kwa kamba. Ni bomba jembamba, lenye upana wa sentimita 5 hivi, linalozamishwa ardhini chini ya mita 200, mara nyingi makumi machache tu ya mita. Juu yake hufungwa pampu ya chuma ya kusukumwa kwa mkono.

Ardhi ya Bangladesh ni tope na mchanga ulioletwa na mito mikubwa, Ganges na Brahmaputra, kutoka milima ya Himalaya. Hakuna jiwe la kuzuia. Ndiyo maana mafundi hawakuhitaji mashine. Walisimamisha jukwaa la mianzi, mmoja akapanda juu na kuziba mdomo wa bomba kwa kiganja chake, wenzake wakaliinua na kulishusha bomba kwa mti mrefu kama watu wanaotwanga. Kila linaposhuka, anafungua kiganja na tope linaruka nje. Kila linapopanda, anaziba. Bomba linazama kidogo kidogo. Kwa siku moja au mbili, maji yanatoka.

Mwanzoni visima viliwekwa na serikali na wafadhili. Baadaye familia zenyewe zilianza kununua, kwa sababu bei ilikuwa ndani ya uwezo wa watu wa kawaida. Mama hakulazimika tena kwenda mbali. Pampu ilikuwa uani kwake, na ilikuwa pia heshima ya nyumba. Msichana alipoolewa, watu waliuliza kama huko aendako kuna pampu. Kufikia miaka ya 1990, visima hivyo vilikadiriwa kuwa kati ya milioni 8 na milioni 12. Mwaka 1997 UNICEF ilieleza kwamba lengo la kuwafikishia maji salama asilimia 80 ya wakaaji limekwisha kupitwa.

Neno "salama" hapo lilimaanisha maji yasiyo na vijidudu. Walioyapima maji hayo waliangalia uchafu wa vinyesi, chumvi na chuma. Arseniki haikuwa kwenye orodha. Mwaka 1992, wataalamu wa taasisi ya jiolojia ya Uingereza walichukua maji ya visima 150 na kupima madini ya aina nyingi, lakini arseniki hawakuipima. Baadaye mwanakijiji mmoja wa Bangladesh alifungua kesi London, akidai kwamba ripoti ile iliwafanya watu waamini kuwa maji hayana tatizo. Kesi ilifika mbele ya majaji wa juu kabisa wa Uingereza, nao mwaka 2006 waliitupilia mbali. Walisema taasisi ile haikuwa na wajibu kwake kwa jambo ambalo haikuombwa kulipima.

Madoa kama matone ya mvua

Dalili za kwanza hazikuonekana na watu wa maji. Zilionekana na daktari wa ngozi. Mwaka 1983, Dkt. K. C. Saha wa Calcutta alianza kupokea wanavijiji wa Bengal Magharibi, upande wa India, wenye madoa meusi na meupe kifuani, kama matone ya mvua yaliyoanguka kwenye vumbi. Viganja na nyayo zao zilikuwa ngumu, zenye vinundu na nyufa. Saha alitambua kwamba ni arseniki, na maji ya visima vya bomba ndiyo yaliyowaunganisha wagonjwa wote. Miongoni mwa wagonjwa waliofuata walikuwemo watu waliotoka Bangladesh.

Mkemia Dipankar Chakraborti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur alianza kuzunguka vijijini tangu 1988, akikusanya maji, nywele na kucha. Aliandika, alipiga kelele, aliitisha mkutano wa wataalamu Calcutta mwaka 1995. Mito na mabonde hayajui mpaka, na alisema wazi kwamba kilichoko Bengal Magharibi kitakuwa pia Bangladesh. Huko Bangladesh, idara ya maji ilithibitisha arseniki mwaka 1993 katika wilaya ya Chapai Nawabganj, inayopakana na India. Miaka ikapita kabla nchi nzima kuambiwa.

Sumu hiyo haikumwagwa na kiwanda. Ilitoka kwenye ardhi yenyewe. Kwa maelfu ya miaka mito ilileta mchanga uliofunikwa na kutu ya chuma, na arseniki ilikuwa imeshikwa na kutu hiyo. Chini, ambako hakuna hewa na kuna mabaki ya mimea yaliyooza, bakteria huivunja kutu ile, na arseniki inaachiwa ndani ya maji. Mambo haya hutegemea kina na aina ya tope la kila mahali. Ndiyo sababu kisima cha mtu mmoja kinaweza kuwa na sumu nyingi, na cha jirani yake hatua hamsini mbele kikawa kizima. Maji ya kina kirefu, zaidi ya mita 150, mara nyingi ni salama.

Arseniki haiui kama kolera. Mwenye kolera anaweza kufa leo jioni. Anayekunywa arseniki anaendelea kulima, kuzaa na kusafiri, na dalili zinakuja baada ya miaka 5, 10 au zaidi: kwanza ngozi, kisha kwa baadhi yao magonjwa ya moyo, kansa ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu. Dawa kubwa ni kuacha kuyanywa maji hayo mapema. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua kwa mvuke na sumu inabaki. Klorini nayo inaua vijidudu tu, haigusi arseniki.

Wagonjwa waliumia pia kwa maneno ya watu. Wengi walidhani ni ukoma au laana. Wanawake wenye madoa walirudishwa kwa wazazi wao, wasichana walikosa kuposwa, watoto walitengwa darasani.

Kati ya 1998 na 1999, idara ya maji ya Bangladesh na taasisi ile ile ya Uingereza walipima visima 3,534 karibu nchi nzima. Kati ya visima vifupi, asilimia 27 vilizidi mikrogramu 50 kwa lita, kiwango kinachokubaliwa na sheria ya Bangladesh. Asilimia 46 vilizidi mikrogramu 10, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, OMS, tangu 1993. Watu wapatao milioni 35 walikuwa wakinywa maji yanayopita kile kiwango cha 50. Mwaka 2000, mtaalamu Allan Smith na wenzake waliandika katika jarida la OMS kwamba hilo lilikuwa tukio kubwa kuliko yote katika historia la umati wa watu kulishwa sumu.

Kipimo cha zamani kuliko visima

Mikrogramu 10 kwa lita ni kiasi kidogo sana. Ni sawa na kugawa milligramu 10 za sumu, ambazo hazijazi hata ncha ya kijiko, ndani ya mabidoni 50 ya lita 20. Jicho haliwezi kuona kitu hapo. Hata hivyo, ujuzi wa kuionyesha arseniki ulianza zamani, na ulianzia mahakamani.

Huko Uingereza mwaka 1833, kijana aliyeshtakiwa kumuua babu yake kwa arseniki ndani ya kahawa aliachiliwa, kwa kuwa ushahidi wa mkemia uliharibika kabla ya kuonyeshwa kwa wazee wa baraza. Mkemia huyo, James Marsh, hakukubali kushindwa. Mwaka 1836 alitangaza njia mpya: kitu kinachoshukiwa kinachanganywa na zinki na asidi, kama kuna arseniki, inatoka kama gesi, na gesi hiyo ikichomwa inaacha doa jeusi linalong'aa kwenye kigae.

Mwaka 1879 mkemia Mjerumani, Gutzeit, aliirahisisha kazi hiyo. Badala ya moto, aliweka karatasi yenye dawa juu ya chupa. Gesi inapoigusa, karatasi inabadilika rangi. Visanduku vingi vya kupimia arseniki vinavyobebwa vijijini hadi leo vinafuata njia hiyo. Mpimaji anajaza maji kwenye chupa ndogo, anatia unga wa asidi na unga wa zinki, anafunga kifuniko chenye karatasi, anangoja. Karatasi ikibaki nyeupe, maji ni mazuri. Ikiwa ya njano, kuna arseniki. Ikielekea kahawia, ni nyingi. Rangi inalinganishwa na picha iliyochapwa kwenye kisanduku.

Kipimo kimoja cha namna hiyo kinaweza kugharimu chini ya dola moja. Hakihitaji umeme, na mtu aliyemaliza shule ya sekondari anaweza kufundishwa kukitumia kwa muda mfupi. Kwa hiyo uwezo wa kukagua visima vya Bangladesh ulikuwepo tangu pampu ya kwanza ilipofungwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: zaidi ya vijidudu, kuna nini kingine humu?

Rangi mbili

Mwaka 1998 serikali ya Bangladesh ilianzisha mradi mkubwa wa kupima, kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa Uswisi. Katika miaka ya mwanzo ya 2000, wapimaji walipita nyumba kwa nyumba na visanduku vyao. Karibu visima milioni 5 vilipimwa. Kisima kizuri kilipakwa rangi ya kijani mdomoni pa pampu. Kisima kibaya kilipakwa nyekundu. Visima vyekundu vilikuwa milioni 1.4, na watu wapatao 38,000 walionekana tayari na dalili za ugonjwa.

Rangi ilichaguliwa kwa sababu hata asiyejua kusoma anaielewa. Nyekundu haikumaanisha kwamba maji hayafai kabisa. Mama aliambiwa aendelee kufulia na kuoshea vyombo, lakini asinywe wala asipikie.

Kazi hiyo ilikuwa na makosa. Mwaka 2002 Chakraborti na wenzake walichukua maji yaliyokwisha kupimwa kwa visanduku vya wakati huo na kuyapima tena maabara. Waligundua kwamba baadhi ya visanduku vilitangaza maji mabaya kuwa mazuri kwa kiwango kilichofika asilimia 68. Maana yake, kuna familia zilizopakiwa kijani zikaendelea kunywa sumu kwa moyo mtulivu. Lawama hizo zilileta faida, kwa sababu visanduku bora vilifuata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walijaribu kisanduku kimoja kipya kwenye visima 799 na kukuta kinasema kweli kwa asilimia 88. Makosa mengi yaliyobaki yalikuwa ya visima vilivyo karibu na mpaka wa mikrogramu 50, na yalipungua mpimaji alipongoja dakika 40 badala ya 20.

Kipimo cha bei ndogo, basi, hakichukui nafasi ya maabara. Kinatenganisha kilicho kibaya sana na kilicho kizuri, kwa visima vingi na kwa haraka. Maabara inabaki ya kukagua baadhi ya majibu, ili wapimaji wasipotee wote kwa pamoja.

Jirani wa mita mia

Swali lililofuata ni lile ambalo kila mkimbizi analijua: ukiambiwa maji haya ni mabaya, utakunywa nini?

Mashirika yalileta majibu mengi. Kulikuwa na vichungi vya ndoo na mchanga, mapipa ya kukusanyia maji ya mvua, mitambo ya kusafishia maji ya bwawa. Mkemia Abul Hussam, mzaliwa wa Bangladesh, alipata tuzo ya dola milioni moja mwaka 2007 kwa kichungi kinachotumia chuma, na kichungi hicho kiliwasaidia watu wengi. Lakini mitambo mingi ya kijiji ilisimama pale ilipokosa mtu wa kuisafisha na pesa za vipuri.

Katika eneo la Araihazar, mashariki ya Dhaka, watafiti wa Columbia na wenzao wa Bangladesh walipima karibu visima 6,000 mwaka 2000 na 2001. Walipoviweka kwenye ramani, waliona jambo la kushangaza. Karibu watu 9 kati ya 10 waliishi ndani ya mita 100 kutoka kisima kizuri. Maji salama tayari yalikuwepo kijijini, ila hakuna aliyejua ni yapi. Wengi wa waliojulishwa kwamba kisima chao ni kibaya walibadili mahali pa kuchota: karibu 60 kati ya 100 walifanya hivyo katika mwaka mmoja.

Kubadili hakukuwa rahisi kwa kila mtu. Kisima cha jirani ni mali yake, kiko uani kwake. Ukigombana naye leo, kesho utabisha hodi vipi na ndoo mkononi? Wanawake wa familia zilizozoea kukaa ndani waliona haya kupita mbele za wanaume wa nyumba nyingine. Wengine walichoka kuonekana waombaji. Pale ambapo wenye visima vya kijani walikubali kuvifungua kwa wote, kijiji kizima kilipona bila mtambo wowote.

Kulikuwa pia na hatari ya upande wa pili. Baadhi ya walioogopa rangi nyekundu walirudi kwenye mabwawa na visima vya wazi, au wakachota mbali na kuyaweka maji siku nyingi ndani ya vyombo vichafu. Watafiti waliofuatilia familia hizo baadaye walionya kwamba kuhara kulirudi pamoja nao, na watoto ndio waliolipa. Kukimbia arseniki na kuangukia kolera si wokovu. Kila kipimo kinachosema "acha hapa" kinapaswa kusema pia "chota pale".

Bei ya kujua

Mradi mkubwa ulipomalizika, visanduku viliondoka. Familia ziliendelea kuchimba visima vipya kwa pesa zao, na vingi havikupimwa na mtu. Rangi za zamani zilichakaa kwa mvua na jua, watoto waliozaliwa baadaye hawakujua ipi ilikuwa nyekundu. Uchunguzi wa 2012 na 2013 ulionyesha kwamba asilimia 12 hivi ya kaya bado zilikunywa maji yanayopita mikrogramu 50. Mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu milioni 20 bado wako hatarini. Lilieleza pia kwamba visima virefu vya serikali, vilivyokusudiwa kwa vijiji vyenye shida, mara nyingi viliwekwa mahali walipotaka wanasiasa, kwa faida ya marafiki na wafuasi wao.

Ndipo wengine walipojaribu njia nyingine: je, watu wanaweza kulipia kipimo wenyewe? Katika jimbo la Bihar, India, ambako arseniki ipo pia, wapimaji walipita vijijini wakiuza kipimo kwa bei tofauti. Kwa rupia 10, kaya 69 kati ya 100 zilinunua. Kwa rupia 50, ambazo zilikuwa karibu na kipato cha mtu mmoja kwa siku, zilinunua 22 tu. Kati ya waliokuta kisima chao ni kibaya, theluthi moja hivi walihamia kisima kingine. Na waliopata jibu baya walikuwa wepesi zaidi kulisahau walipoulizwa baadaye.

Hesabu hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza, maskini hawadharau afya zao, kwa kuwa kipimo kikiwa rahisi wananunua. La pili, bei inayoonekana ndogo ofisini ni chakula cha siku nzima kwa mwingine, na wanaoachwa nje ni wale wale. Ndiyo maana huko Araihazar wapimaji walirudi miaka zaidi ya kumi baadaye, wakapima upya maelfu kwa maelfu ya visima, na safari hii wakafunga kwenye kila pampu kibao cha chuma chenye rangi: buluu kwa maji yasiyozidi 10, kijani kwa yasiyozidi 50, nyekundu kwa yanayozidi. Kibao hakifutwi na mvua, na jibu halibaki kwenye daftari la mgeni aliyekwisha kuondoka.

Kwa wanaochota maji Kivu na Ituri

Ardhi ya mashariki mwa Kongo si tope la Ganges. Watu wengi wanakunywa maji ya chemchemi, ya ziwa, ya mito na ya mvua, na kolera bado ndiyo inayoua haraka. Klorini ya kambini na ya mtaani inabaki lazima. Hakuna kitu katika historia hii kinachosema iachwe.

Lakini maji ya eneo hili nayo yana mambo ambayo klorini haiyagusi. Karibu na volkeno ya Nyiragongo, maji ya mvua na ya baadhi ya chemchemi yana floridi nyingi kuliko kiwango cha OMS, na meno ya kahawia ya watoto wa huko ni ushahidi unaoonekana. Arseniki nayo haikai Asia peke yake. Miamba yenye dhahabu mara nyingi inabeba pia madini yenye arseniki. Kaskazini mwa Burkina Faso, karibu na Ouahigouya, visima virefu vilivyochimbwa kusaidia watu vilikutwa nayo, na nchini Tanzania watafiti waliikuta katika maji ya maeneo ya migodi ya dhahabu karibu na Ziwa Victoria. Familia nyingi zilizohama makwao Ituri na Kivu Kusini zimejikuta zikiishi karibu na machimbo ya dhahabu, na huko huko ndiko wanakochota maji.

Wanavijiji wa Bangladesh walipewa pampu na neno "salama", bila karatasi yoyote. Mashirika ya kiutu yanapochimba kisima au kufunga robine mpya, kamati ya maji ya mtaa au ya kambi ina haki ya kuuliza mambo matatu kabla ya sherehe ya kufungua: maji haya yamepimwa kitu gani zaidi ya vijidudu, karatasi ya majibu iko wapi, na yatapimwa tena lini. Kama arseniki na floridi hazimo kwenye karatasi hiyo, kipimo cha kwanza cha arseniki kinagharimu chini ya dola moja na muda usiofika saa moja. Bomba lenyewe linagharimu maelfu ya dola, na watu watalitegemea kwa miaka ishirini.